Karatasi ya mfukoni: uchambuzi wa kisa cha mbunge George Norris na kiti cha Spika, Machi 1910

## Kuhusu kisa chenyewe

Kisa hiki ni cha bungeni Washington, Machi 1910, siku tatu tu, Alhamisi mpaka Jumamosi. Ndani ya siku hizo mbunge mmoja wa kawaida kutoka Nebraska alimtoa Spika wa Baraza la Wawakilishi kwenye Kamati ya Kanuni, kamati ambayo Spika alikuwa anaishika kama mtu anavyoshika funguo za nyumba yake. Huwa nakirudia kila nikikaa na watu wanaouliza mbona hoja yetu haifiki mezani hata siku moja wakati wengi tunaiunga mkono, manake jibu la haraka huwa ni kwamba mwenyekiti ni mbaya, tumtoe, na huyu bwana alitafuta jibu lingine akalipata.

Kwa kawaida kisa cha kufundishia tunaficha majina. Hapa wawili siwezi kuwaficha, George W. Norris na Joseph G. Cannon, ni watu wa historia na kura zao ziko kwenye kumbukumbu za bunge lao. Wengine wote waliokuwemo nimewaacha bila jina, nawataja kwa jimbo au kwa kazi waliyoifanya siku hiyo, kwa sababu ukitaka kujifunza hapa angalia mtu alikuwa amekaa upande gani wa meza, hilo linatosha.

## Norris alikuwa nani

Alizaliwa Julai 1861 shambani kule Ohio. Baba alifariki yeye akiwa na miaka mitatu, kaka yake mkubwa akafa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwahiyo alilelewa na mama na dada zake kwenye kazi za shamba, akafundisha shule ili apate pesa ya kusomea sheria, akaruhusiwa kuwa wakili 1883, halafu 1885 akahamia Nebraska kwenye nyika za wakulima. Huko akawa mwendesha mashtaka wa kaunti, baadae jaji wa wilaya, na uchaguzi wa 1902 ukampeleka Washington kwa tiketi ya Republican.

Msimdhanie mtu wa vurugu tangu mwanzo. Miaka yake ya kwanza alikuwa mtiifu wa chama kabisa, na akili yake ilikuwa bado ya jaji, anasoma kanuni neno kwa neno. Kilichombadilisha ni kukaa mle ndani akaona mambo yanavyokwenda, na pia hakuwa na kiti salama, uchaguzi wa 1908 alirudi bungeni kwa tofauti ya kura 22 tu. Kura 22! Mtu wa namna hiyo chama kikimnuna anajua kabisa anaweza kwenda na maji, na bado alifanya alichofanya.

## Kiti kilikuwa na nguvu gani

Cannon alikuwa mbunge wa Illinois, Spika tangu 1903, na mwaka huo wa 1910 alikuwa na miaka 73. Watu walimwita Mjomba Joe. Sigara kubwa mdomoni, maneno ya kijijini, mcheshi, na hata wengi waliompinga walikuwa wanampenda kama mtu, hilo lishikeni kwa sababu litakuja kuwa na maana mbele.

Sasa nguvu zenyewe. Yeye ndo alikuwa anateua wajumbe wa kamati zote za kudumu na kuamua nani awe mwenyekiti wa kamati gani. Yeye ndo anampa mtu nafasi ya kusema, ukisimama anaweza akakuuliza umesimama kwa ajili gani, jibu lisipompendeza unakaa. Na juu ya hayo yote yeye mwenyewe ndo mwenyekiti wa Kamati ya Kanuni, kamati ya watu watano tu, yeye na watu wake wawili wa Republican, halafu Democrat wawili ambao kwa hesabu hiyo wanakuja kusikiliza. Muswada ambao hao watatu hawautaki hauna njia ya kupita kwenda ukumbini, hata kama watu mia mbili wanautaka, na muswada wanaoutaka wanaweza kuuletea amri maalumu kwamba utajadiliwa saa kadhaa tu na hakuna kubadilisha kitu.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa kikao ambacho mwenyekiti ndo anapanga ajenda, ndo anateua kamati na ndo anaamua nani aseme, anaelewa hapa bila maelezo zaidi. Ubaya wake ni kwamba hakuna kura unayoshindwa. Hoja yako haikataliwi popote, inakaa tu.

Bunge lile lilikuwa na viti 391, Republican 219 na Democrat 172. Ndani ya hao Republican kulikuwa na kundi la arobaini na kitu, wengi wao wa majimbo ya katikati na magharibi ya wakulima, waliochoka. Walikuja kuitwa waasi. Fanyeni hesabu wenyewe, 172 ukiongeza arobaini unapita nusu ya 391, kwahiyo kura zilikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni mlango wa kuingizia hoja, kwa sababu hoja ya kubadilisha kanuni inapelekwa wapi? Kwenye Kamati ya Kanuni.

## Jaribio la kwanza lilivyokufa

Machi 1909, bunge jipya linaanza, waasi na Democrat walijaribu kuzuia kanuni za zamani zisipitishwe. Walikuwa na kura, lakini upande wa Spika ulizungumza na baadhi ya Democrat pembeni, mmoja wao wa New York akaleta pendekezo la katikati, mabadiliko madogo madogo, mapya na yale yaliyokuwa yameshapitishwa siku chache kabla yakabaki, kama Jumatano ya kalenda, yaani siku moja ya wiki ambayo kamati zinaita miswada yao kwa zamu bila kuomba ruhusa ya Kamati ya Kanuni. Likapita, Spika akabaki na vyote vikubwa.

Halafu ikaja adhabu. Mwenyekiti wa kamati ya benki akavuliwa, mwenyekiti wa kamati ya visiwa vilivyo chini ya Marekani akavuliwa, waasi wengine wakahamishiwa kamati zisizo na kazi, na wakaanza kunyimwa sauti kwenye uteuzi wa wakuu wa posta majimboni kwao, kitu ambacho kwa mbunge wa wakati ule kilikuwa ndo shukrani yake kwa watu waliomfanyia kampeni.

Norris alichojifunza hapo naona ni mambo mawili. Moja, ukitangaza vita mapema mpinzani wako anapata muda wa kununua mtu mmoja mmoja. Pili, ukiomba vitu vingi kwa mpigo unapewa vile visivyo na uzito na kile kikubwa kinabaki palepale.

## Januari 1910: mazoezi

Kuna tukio dogo kabla ya lile kubwa. Januari 1910 bunge liliamua kuchunguza Wizara ya Mambo ya Ndani kuhusu ardhi ya umma na makaa ya mawe ya Alaska, na kila mtu alijua wajumbe wa tume hiyo kutoka Baraza la Wawakilishi watateuliwa na Spika. Norris alitaka wachaguliwe na baraza lenyewe, lakini aliyekuwa anagawa muda wa kuongea ni mbunge wa Pennsylvania, mkono wa kulia wa Spika, na huyo asingempa hata dakika moja.

Norris akasubiri. Alikuwa ameshaona kwamba yule bwana ana saa yake ya chakula, hakosi. Alipotoka kwenda kula akaacha kazi ya kugawa muda kwa mwenzake wa Iowa, Norris akamfuata huyo akaomba dakika mbili, akapewa, akasimama akaleta marekebisho yake. Yakapita kwa kura 149 dhidi ya 146. Kura tatu, lakini watu wale walikuwa wamemshinda Spika kwenye ukumbi wake, na kushinda mara moja kunamfundisha mtu kwamba inawezekana.

Mfukoni kwenye koti lake Norris alikuwa na karatasi nyingine, azimio la kuunda upya Kamati ya Kanuni. Alitembea nayo kwa muda mrefu mpaka ikachakaa kwenye mikunjo, kila siku anaingia nayo ukumbini na kila jioni anatoka nayo. Ni kwamba hakukuwa na njia ya kuiwasilisha, na alijua akiiwasilisha vibaya mara moja basi imekufa.

## Siku tatu za Machi

Jumatano tarehe 16 Machi, siku ile ya kalenda, mwenyekiti wa Kamati ya Sensa kutoka Indiana alisimama na azimio la haraka. Sensa ilikuwa inaanza Aprili 15 na walitaka kuongeza swali la lugha ya mama kwa watu waliozaliwa nje ya nchi. Halikuwa kwenye zamu ya siku hiyo, lakini Cannon akasema liendelee, kwa sababu Katiba inaagiza sensa kila miaka kumi, na jambo linaloagizwa na Katiba lina haki ya kutangulia mbele ya kanuni za kawaida. Wabunge wakakata rufaa dhidi ya uamuzi huo wakaushinda, walitaka kuilinda Jumatano yao. Kesho yake, Alhamisi, jambo la sensa likarudi, safari hii siyo Jumatano tena, na baraza lenyewe likapiga kura kwamba ndio, sensa ni jambo la kikatiba na lina haki ya kutangulia.

Norris alikuwa amekaa anasikiliza. Akasimama, akasema ana azimio lenye haki ya kutangulia kwa mujibu wa Katiba, akaitoa ile karatasi mfukoni ikapelekwa kwa karani.

Angalieni kilichotokea hapo, maana ndo kiini cha kisa chote. Katiba ya Marekani inasema sensa ifanyike kila miaka kumi. Katiba hiyohiyo, ibara ya kwanza sehemu ya tano, inasema kila chumba cha bunge kitajiwekea kanuni zake. Kama sensa inatangulia kwa sababu imo kwenye Katiba, basi na kubadilisha kanuni kunatangulia kwa sababu nako kumo kwenye Katiba. Hoja hiyo Spika mwenyewe ndo aliifungulia njia siku moja kabla, kwa mdomo wake. Norris aliingia kwenye mlango ambao mwenye nyumba kaufungua kwa ajili ya mgeni mwingine.

Azimio likasomwa: Kamati ya Kanuni iwe ya watu 15, tisa wa chama chenye wengi na sita wa upinzani, wachaguliwe kwa makundi ya majimbo, kamati ichague mwenyekiti wake yenyewe, na Spika asiwe mjumbe. Yule wa Pennsylvania akasimama palepale kuhusu utaratibu, akasema halina haki hiyo ya kutangulia.

Kwa kawaida Spika angetoa uamuzi dakika ileile na mchezo umekwisha. Lakini ilikuwa Machi 17, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, na watu wake wengi walikuwa nje ya mji kwenye sherehe. Akihesabu vichwa anaona rufaa ikikatwa anashindwa. Kwahiyo hakuamua. Akaacha watu wajadili huku telegramu zinatumwa kuwarudisha watu wake, na waasi nao wakakataa kuahirisha kikao, wanajua wakiondoka tu usiku huo wataamka asubuhi wakute hesabu imegeuka.

Basi kikao kikaenda usiku kucha. Akidi ikapotea, askari wa bunge wakatumwa mjini kuwakamata waliolala majumbani, wengine wamelala kwenye viti vyao, kwenye makochi, moshi wa sigara umejaa ukumbi, hotuba zinaendelea mbele ya watu wachache walio macho, na kila baada ya muda majina yanaitwa upya. Mpaka Ijumaa mchana kilikuwa kimeshapita masaa kama 29, ndo wakakubali kupumzika mpaka Jumamosi.

Mapumziko hayo ndo yalikuwa ya hatari kuliko usiku wenyewe. Watu wa Spika walikuja na maelewano: kamati iongezwe, sawa, ichaguliwe, sawa, lakini Spika asizuiliwe kuwa mjumbe. Wengine wangesema tumepata karibu vyote tukapumzike. Norris akakataa, hilo moja halina bei. Upande wa pili, kiongozi wa Democrat kutoka Missouri na wenzake walisema watapiga kura pamoja naye, ila hawayataki yale makundi ya majimbo na hawaitaki kamati ya watu 15, wanataka kumi, sita kwa wanne, wote wachaguliwe na baraza. Hapo Norris akakubali, akaandika upya.

Jumamosi tarehe 19 jukwaa la wageni limejaa. Cannon akatoa uamuzi wake: azimio halina haki ya kutangulia. Norris akakata rufaa. Baraza likautupa uamuzi wa Spika kwa kura 182 dhidi ya 162, halafu azimio lililoandikwa upya likapita 191 dhidi ya 156.

Yaliyofuata hakuna aliyeyapanga. Cannon akasimama akasema Spika asiye na wengi nyuma yake ana mambo mawili, kujiuzulu au baraza litangaze kiti kiko wazi, na yeye kujiuzulu hajiuzulu, kwahiyo anayetaka alete hoja ya kumtoa, ataipokea. Mbunge wa Texas akaileta hapohapo. Ukumbi ukawa kelele tupu. Kura zikapigwa: 155 atoke, 192 abaki. Na Norris, mtu aliyekuwa amepambana naye siku tatu bila usingizi, alipiga kura abaki.

## Maamuzi na sababu zake

Hiyo kura ya mwisho watu wengi huwa wanaishangaa, wengine wanaiita woga. Mimi naiona ndo uamuzi wenye akili kuliko yote ya siku zile. Norris alikuwa anasema muda wote kwamba hagombani na mzee Cannon, anagombana na mamlaka yaliyorundikwa kwenye kiti, na kama ni kweli unaamini hivyo basi siku ukipewa nafasi ya kumchinja mtu ambaye ameshanyang'anywa kisu, humchinji. Kuna sababu ya kichama pia, tusijifanye hatuioni. Waasi wangemtoa Cannon ingebidi Spika mpya apatikane kwa msaada wa Democrat, na wengi wao walikuwa bado Republican wanaotaka kurudi kwa wapiga kura wao wakiwa Republican, wakati huo baraza lingekwama na uchaguzi uko Novemba. Kwahiyo zilikuwepo zote mbili, imani na hesabu.

Uamuzi wa kukataa maelewano ya Ijumaa nao uangaliwe vizuri. Alikataa jambo moja na akakubali jambo lingine ndani ya masaa machache, na ukiangalia haraka unaweza kudhani hana msimamo. Lakini idadi ya wajumbe na namna ya kuwagawa ilikuwa ni mapambo, angeweza kuiuza. Spika kukaa ndani ya kamati ilikuwa ndo nguzo yenyewe. Alijua kipi ni kipi kabla hajaingia kwenye chumba cha mazungumzo, na hilo 1909 wenzake hawakulijua, waliingia na orodha ndefu wakatoka na Jumatano.

Uamuzi wa Cannon wa kuchelewesha pia tuutendee haki. Hakuwa na njia nzuri. Akiamua mapema anashindwa, akichelewesha anaweza kuokolewa na watu wanaorudi. Kosa lake lilikuwa la siku moja nyuma, Jumatano, alipochukua kanuni kubwa, Katiba inatangulia, akaitumia kwa jambo dogo la fomu ya sensa kwa sababu tu ilimrahisishia siku hiyo, bila kujiuliza kesho nani mwingine ataishika.

## Matokeo

Kamati mpya ya watu kumi ikachaguliwa na wajumbe wa Republican walioingia walikuwa wengi wao watu wa upande wa Spika, ila yeye hayumo. Novemba 1910 Democrat wakashinda baraza baada ya miaka 16 ya kuwa wachache, na mwaka 1911 wakamalizia kazi, kuteua kamati zote za kudumu kukatolewa mikononi mwa Spika kukawa kwa kura ya baraza.

Cannon alipoteza kiti chake uchaguzi wa 1912, akashinda tena 1914, akakaa mpaka 1923, mzee anayeheshimiwa na pande zote. Norris akaingia Seneti 1913 akakaa miaka 30. Mle ndani alikuwa mmoja wa maseneta sita tu waliopiga kura ya hapana Marekani kuingia vita mwaka 1917, alipigwa maneno ya usaliti nchi nzima na bado Nebraska wakamrudisha 1918. Sheria ya 1932 ya kuzuia mahakama kutoa amri za kuwakataza wafanyakazi kugoma ina jina lake. Marekebisho ya 20 ya Katiba, yaliyofupisha ule muda mrefu kati ya uchaguzi na kuapishwa, ni kazi yake, na bwawa la umeme la Tennessee lenye jina lake lilikamilika 1936 baada ya kupigania umma umiliki umeme wa mto Tennessee kwa zaidi ya miaka kumi.

Chama chake nacho hakikumsahau. Mwaka 1930, wakati wa kura za maoni, alijitokeza mgombea mwingine anayeitwa vilevile George W. Norris, muuza duka wa mji mdogo hukohuko Nebraska, ili wapiga kura wachanganyikiwe kwenye karatasi ya kura majina mawili yanafanana herufi kwa herufi. Fomu zake zikachelewa kufika, mahakama ikamwondoa. Mimi hili linaniuma mpaka leo, mtu ameshindwa kujibiwa kwa hoja mpaka wanatafuta wa kuazima jina lake.

## Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kusubiri. Lakini kusubiri kwa namna yake, maandishi yako tayari, yamekunjwa, yako kwenye koti. Wengi tunasubiri nafasi ndo tuanze kuandika, nafasi ikija inapita wakati bado tunatafuta kalamu. Norris angekuwa hana karatasi siku ile angepata hotuba nzuri tu na Spika angefunga mlango kabla ya jioni.

La pili ni kutumia uamuzi wa mpinzani mwenyewe. Angesema Katiba inanipa haki hii kabla ya Jumatano ile, Spika angemjibu hapana na hakuna ambaye angemuunga mkono. Aliposema baada ya Jumatano, aliyetaka kumkatalia ilibidi aeleze kwanini sensa sawa na kanuni hapana, na jibu la kueleweka halikuwepo, yapo ya kisheria lakini ya mtu kuelewa akiwa na usingizi saa tisa usiku hayakuwepo.

Halafu kutotukana. Kwa masaa yote yale waasi wengi walikishambulia kiti na kumwacha mtu, na ndo maana Republican wachache waliokuwa wanampenda Mjomba Joe waliweza kupiga kura dhidi ya mamlaka yake bila kujiona wamemsaliti. Ingekuwa vita ya mtu, sidhani zile kura arobaini zingeshika mpaka Jumamosi, na ile kura ya 192 inatuonyesha hivyo, hesabu ya kumpunguzia mamlaka ilikuwepo ila hesabu ya kumtoa yeye haikuwepo hata karibu.

## Uchambuzi: kilichoshindikana

Hapa ndo nataka watu wakae zaidi, manake wengi wakisimulia kisa hiki wanaishia kwenye shangwe.

Nguvu haikuisha, ilihama. Tangu 1911 wajumbe wa kamati walichaguliwa na baraza kwa jina, lakini orodha iliandaliwa na viongozi wa Democrat na kupitishwa kwenye kikao cha chama cha faragha, halafu ukumbini ni kuitikia tu. Alichokuwa anakifanya Cannon mbele ya macho ya watu sasa kikafanywa chumbani mlango umefungwa. Norris mwenyewe aliliona na akalipinga kwa sauti, kikao cha chama kikawa ndo mfalme mpya.

Baadae uenyekiti wa kamati ukawa unakwenda kwa ukongwe, aliyekaa muda mrefu ndo anashika, hakuna wa kumtoa. Kamati ya Kanuni ambayo Norris aliikomboa kutoka kwa Spika ikawa haina mtu wa kuiamrisha, na miaka ya 1950 mwenyekiti wake kutoka Virginia aliitumia kuzuia miswada ya haki za raia weusi, anaweza tu asiitishe kikao, basi. Ilibidi 1961 baraza liongeze wajumbe kutoka 12 mpaka 15 ili kumzidi kura, ikapita 217 kwa 212, na ukikumbuka 15 ndo idadi iliyokuwa imeandikwa kwenye ile karatasi ya kwanza ya Norris. Mwaka 1975 Democrat wakampa Spika wao haki ya kupendekeza wajumbe wa chama chake kwenye kamati hiyo. Miaka 65 na ufunguo umerudi mlemle.

Mnaweza kusema basi kazi yote ilikuwa bure. Sikubali, kwa sababu kizazi kimoja kizima kilijua kwamba Spika anaweza kukatiwa rufaa na akashindwa, na kiti hakikuwa kilekile tena. Lakini kosa la kubuni lipo na lazima litajwe: Norris alitaja nani asikae kwenye kamati, hakutaja kamati ikikataa kuitisha hoja mwanachama wa kawaida afanye nini. Kulikuwa na njia ya kuiondoa hoja mikononi mwa kamati, ilianzishwa Juni mwaka huohuo wa 1910, ila ilifungwafungwa masharti mpaka ikawa ngumu kutumika. Nikikichambua kisa hiki na kundi huwa nawarudisha kwenye swali hilo moja zaidi ya yote, nani anaitisha, na asipoitisha nini kinatokea.

Norris naye hakuliacha. Mwaka 1934 aliendesha kampeni Nebraska nzima, mji kwa mji kwa gari lake, kuwashawishi watu waondoe mabunge mawili ya jimbo wabaki na bunge la chumba kimoja, lisilo na vyama kwenye karatasi ya kura. Sababu yake kubwa ilikuwa zile kamati ndogo za kupatanisha vyumba viwili, watu wachache wanakutana faragha, wanatoka na sheria ambayo wengine hawawezi kubadilisha hata neno, wanaikubali yote au wanaikataa yote. Ni malalamiko yaleyale ya 1910, ya watu watano na chumba kimoja. Wapiga kura walikubali. Wakati huo alikuwa na miaka 73, umri uleule aliokuwa nao Cannon siku karatasi ile inapelekwa kwa karani, na Januari 1937 bunge hilo lilipoketi mara ya kwanza, wajumbe 43 badala ya 133, alisimama mbele yao akawahutubia.